Kibanda changu cha PS Kondele: ninunue PS5 moja au PS4 mbili kuukuu?

Mwenye_Pedi (Kisumu)
Hamjambo wazito. Zamu yangu ya chama imefika wiki hii, na kabla pesa haijanitoroka naomba ushauri. Nina kibanda cha PS, yaani PlayStation za kuchezea gemu kwenye TV, hapa Kondele: mabati, viti vinne vya plastiki, benchi moja. Mashine ni PS3 mbili. Moja ikipata joto inazima katikati ya mechi, halafu lazima nirudishe shilingi kumi za watu huku wakinitukana.

Nilianza 2009 na PS2 moja na TV ya mgongo. Wakati huo tulikuwa na Winning Eleven, gemu ya mpira yenye menyu ya Kijapani. Hakuna aliyejua hata herufi moja, lakini kila mtoto wa mtaa alijua njia: shuka mara mbili, bonyeza duara, panda moja, duara tena, mko uwanjani. Sheria ilikuwa moja tu, aliyefungwa anapisha. Jumamosi foleni ilifika kwa fundi viatu.

Siku hizi wanakuja, wanakaa kwenye benchi langu, wanachomeka simu kwenye stima yangu na kucheza mpira humo humo kwenye simu. Nikiwauliza wanasema gemu zangu ni za kizamani, Messi bado yuko Barcelona.

Pesa niliyo nayo inatosha PS5 moja, au PS4 mbili kuukuu na chenji ya pedi za kushika mkononi. Mke wangu anasema niache ujinga ninunue toroli ya kuuzia soseji za smoki. Nisaidieni.

Kijana_wa_Kaptembwa (Nakuru)
Toroli ya smoki. Uzi ufungwe.

Haya, sasa kwa ukweli. PS5 moja kwa biashara ya mechi ni mtego. Wawili wanacheza, wanane wanatazama, na mashine ikilala njaa inaanza siku hiyo hiyo. Halafu angalia sana unachouziwa. Mimi niliona moja yenye bei nafuu kidogo, nikarukia. Kufika nyumbani natafuta pa kuingizia diski, hakuna. Kumbe tangu 2020 zilipotoka kuna aina mbili, na hii yangu kila gemu ni ya kununua na kupakua kwenye intaneti. Gemu moja makumi ya GB. Nilibeba mashine kwenye begi hadi kwa binamu yangu mwenye waifai, nikalala huko siku mbili kama mgonjwa wa kulazwa. Na diski huwezi kuazima kwa jirani wala kuuza ukichoka nayo.

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)
Mwenye Pedi, mimi nilikuwa nawanyang'anya wanafunzi hizi vitu. Droo yangu ya mezani ilijaa zile brick game za matofali yanayoanguka. Nilikuwa nasubiri kengele ya saa kumi, nafunga mlango, nacheza mwenyewe. Ule mchezo wa matofali, Tetris, ulitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, na mpaka leo sijaona gemu iliyonishinda kuacha kama hiyo.

Kuna kisa kinachokuhusu. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine yake ya kwanza ya Pong kwenye baa moja huko California. Vijiti viwili na kidoto kinachoruka, basi, tenisi ya meza kwenye skrini nyeusi. Baada ya siku chache mwenye baa akapiga simu kwamba mashine imeharibika. Fundi alipoifungua akakuta kisanduku cha sarafu kimejaa hadi kimefurika. Picha haikuwa nzuri, rangi haikuwepo, lakini watu wawili walisimama bega kwa bega na mmoja akashindwa mbele ya wenzake. Hicho ndicho unachouza wewe.

Na kabla ya kukimbilia kipya kwa sababu ni kipya, kumbuka 1983. Soko la gemu Marekani liliporomoka kwa sababu duka zilijaa gemu mbovu zilizotengenezwa haraka haraka. Nintendo ndio walioliinua tena miaka miwili baadaye na mashine yao ya kaseti, na Super Mario Bros yote ilikuwa kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp ni kubwa kuliko gemu hiyo nzima.

Nyar_Kisumo (Kisumu)
Omera mimi ni mzazi hapa Nyalenda, wacha niseme upande wangu. Hizo gemu za simu zinaitwa za bure, lakini ni bure mlangoni tu, ukiingia ndani kila kitu kina bei. Mwanangu alitumia simu yangu kununua nguo za mwanajeshi wa gemu. Nguo! Za mtu ambaye hayuko! Zamani nyoka wa Nokia alikuwa anakula tu na kurefuka, hakuniomba PIN.

Kwa hiyo mimi naona afadhali kibanda, mradi najua kiko wapi na mwenyewe ananisalimia. Ila mwenye sare ya shule saa tatu asubuhi mfukuze. Chifu akikufungia, sisi akina mama hatutakutetea.

Mwenye_Pedi (Kisumu)
Mama, wenye sare siwaruhusu, nimeandika hata mlangoni kwa rangi nyekundu. Mwalimu, hicho kisa cha kisanduku kimenifurahisha, ila changu siku hizi kinalia kama njuga. Kijana wa Kaptembwa, pole kwa kulazwa.

Swali: pedi za PS4 zinaingia kwa PS5? Isije nikapanda ngazi baadaye nikaanza kununua kila kitu upya.

Fundi_Lurambi (Kakamega)
Mulembe. Nakujibu mimi, kazi yangu ni kufungua hizi mashine.

Pedi ya PS4 inakubali kwa PS5, lakini kwa gemu za PS4 tu. Gemu za PS5 zenyewe zinataka pedi yake. Diski nyingi za PS4 zitacheza kwa PS5 yenye pa kuingizia diski, kwa hiyo hizo hutazitupa. Mimi nasema PS4 mbili. Ukienda kununua usikubali kuonyeshwa dakika tano. Washa, weka diski, cheza nusu saa nzima. Sikiliza feni: ikilia kama posho mill, ondoka. Pedi iache mezani bila kuigusa, mchezaji akianza kutembea peke yake, kifimbo cha pedi kimekufa. Toa diski na kuirudisha mara nne, tano. Na uliza kama akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa.

Mkiwa wawili kwenye mashine moja hamhitaji intaneti wala kulipia chochote cha mwezi. Ukitaka majina ya wachezaji ya karibuni, usitafute FIFA. Jina hilo liliishia FIFA 23, kuanzia 2023 gemu hiyo inaitwa EA Sports FC. Kuna vijana wanauziwa diski ya zamani kwa sababu hawajui jina lilibadilika.

Hiyo PS3 inayozima usiiuze kwa bei ya kutupa. Ina vumbi, na dawa ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka. Fundi mzuri anaifungua, anaisafisha, anapaka dawa mpya. Huenda ikakuvusha mwaka. Iweke kwa bei ya shilingi tano, watoto wadogo hawajali Messi yuko wapi.

Halafu nikuulize jambo langu binafsi. Ile TV ya mgongo bado unayo?

Mwenye_Pedi (Kisumu)
Asante fundi, nimeelewa, ni PS4 mbili. Jumamosi naenda kuziona, nusu saa kila moja hata muuzaji akinuna. TV ipo. Unaitakia nini, si kila mtu anataka bapa?

Fundi_Lurambi (Kakamega)
Nina mashine ya kaseti yenye bunduki, ile ya kupiga bata. Kwenye TV bapa haipigi kitu. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu penye bata panawaka weupe, na jicho lililo ndani ya bunduki linatafuta huo mwanga. TV bapa inachelewa kuonyesha, basi unakosa bata aliye mbele ya pua yako. Yataka TV ya mgongo tu. Nitakulipa, ama nikusafishie hiyo PS3 tuwe sawa.

Mwenye_Pedi (Kisumu)
Tuwe sawa. Lakini imewekewa kitambaa cha kufuma na redio juu, kwa hiyo utaongea na mke wangu kwanza. Na usije peke yako, ile kitu inabebwa na wawili.