MJADALA: Tukisoma Biblia hapa Malindi, mila tuziache mlangoni?

Mkwezi wa Kakuyuni

Bwana asifiwe. Na majirani wasio wa kanisa, habari zenu. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Alhamisi, nimeona nilimwage hapa watu walijadili bila kuoneana haya.

Kikundi chetu cha kusoma Biblia tulikuwa Ruthu sura ya 4. Boazi ameketi langoni pa mji na wazee kumi. Yule ndugu wa karibu, mwenye haki ya kwanza ya kulikomboa shamba la Naomi, analitaka shamba. Akiambiwa kwamba linakuja na mjane, Ruthu wa Moabu, mkwe wa Naomi, anarudi nyuma. Anavua kiatu, anampa Boazi. Vijana wakacheka: kiatu cha nini tena?

Mzee mmoja wa Kigiriama, mshirika wetu wa miaka mingi, akainuka. Akaanza kueleza jinsi shamba na mjane vilivyokuwa vikizungumzwa kwao alipokuwa mtoto, nani alitangulia kuulizwa, na kwa nini neno kama lile halikumalizwa chumbani bali mbele ya watu. Hajafika hata nusu, kiongozi akamkata: "Mzee, hapa tunasoma Neno, hatusomi mila." Mzee akaketi. Hakufungua kinywa tena mpaka sala ya kufunga.

Sasa hoja yangu. Rudi kwenye mstari wa 7 wa sura hiyohiyo. Mwandishi wa Ruthu anaikatiza hadithi yake mwenyewe ili awaambie wasomaji kwamba hii ilikuwa desturi ya zamani katika Israeli, kuvua kiatu ili kuthibitisha mapatano. Yaani alipokuwa akiandika, hata Waisraeli walikuwa hawaijui tena! Marko naye, sura ya 7, anasimama kueleza Mafarisayo hunawaje mikono. Yohana 4 anatudokeza kwamba Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Alichokuwa akifanya mzee ndicho kinachofanywa na mstari wa 7. Biblia inaeleza mila zake yenyewe, sisi tunamkalisha mzee chini.

Na si jambo la kikundi chetu peke yake. Tangu 2023, maiti zaidi ya 400 za wafuasi wa mhubiri mmoja zilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, hapa hapa nyuma yetu, yale mapendekezo ya kumtaka mhubiri asome theolojia kabla ya kupewa mimbari yamerudi mezani. Mimi naunga mkono. Mtu asiyejua barua iliandikwa kwa nani, lini na kwa sababu gani, asitusomee kama iliyotumwa jana kwake binafsi. Anayepinga na aseme.

Mhubiri wa Maweni

Amina, ndugu Mkwezi. Mimi si yule kiongozi, lakini ningemkatiza mzee vilevile, pengine kwa upole zaidi.

Leo umemruhusu Mgiriama. Alhamisi ijayo Mpokomo ataleta yake, Mswahili yake, na yule Mtaliano wa ufukweni naye ana yake. Mwisho wa mwezi tutakuwa na akina Ruthu wanne na hakuna hata mmoja aliyetoka Moabu.

Nimezaliwa karibu na kaya, msitu wa matambiko wa Wamijikenda, sikusoma habari zake vitabuni. Najua kafara inavyochinjwa, na najua mtu anavyoweza kusimama na Mambo ya Walawi mkononi akakuambia, "Unaona? Hata Musa alimwaga damu." Mama yangu alitoka huko kwa machozi. Sitamrudisha kwa jina la utamaduni.

Hilo la theolojia: Matendo 4:13 yasema wakuu walistaajabu kuona Petro na Yohana ni watu wasio na elimu. Wangepata cheti chuo gani? Na Shakahola msiifanye fimbo ya kutupigia sote. Yaliyo mahakamani tuyaachie mahakama, ila hili nalisema: watu wale hawakufa kwa kutojua desturi za Bethlehemu. Walimpa mtu mmoja masikio yao yote. Msomi wa historia hawezi kupewa masikio yote vilevile?

Kisha kuna mambo historia haina la kukwambia. Yohana 21, wanafunzi wanavua samaki 153. Si 150, si "wengi". Hiyo ni siri ya Roho, haitafunguliwa na mila ya mtu.

Mwalimu wa Gede

Nafundisha dini ya Kikristo shuleni, kwa hiyo upande wangu mnaujua. Nitasema moja tu, linaloumiza.

Kutoka 22:18: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Wanaokatwa mapanga katika vijiji vya kaunti yetu ya Kilifi mara nyingi ni wazee wa kiume walioota mvi, na ukichimba kidogo chini ya tuhuma ya uchawi unakuta shamba. Aya inasema mwanamke. Neno la Kiebrania lenyewe ni la kike. Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki, kazi iliyoanza karne ya 3 kabla ya Kristo, waliweka hapo neno lenye mzizi wa dawa na sumu. Walikuwa na picha yao ya mtu anayesemwa, na hakuwa babu anayekaa kwenye ardhi ambayo mpwa wake anataka kuiuza.

Mhubiri, ukikataa historia isiguse aya hii, unabaki na nini mkononi cha kumzuia kijana mwenye panga anayekusomea Kutoka?

Mhubiri wa Maweni

Nabaki na "Usiue", mwalimu. Sura mbili tu nyuma.

Mwalimu wa Gede

Na yeye atakwambia Musa huyohuyo ndiye aliyesema zote mbili. Hapo ndipo utahitaji kuniuliza sheria ile ilitungiwa nani.

Mama Mahamri

Nimewasoma kina baba hawa wote na sijaona mmoja aliyemwuliza Ruthu.

Mimi ni mjane. Siku ya matanga kumalizika nilikalishwa, shemeji zangu mbele yangu, na aliyenisomea Kumbukumbu la Torati 25 hakuwa mganga wala mzee wa kaya. Alikuwa mtu wa kanisa. Ndugu wakikaa pamoja na mmoja akafa bila mwana, nduguye amchukue mkewe. Alisoma polepole kama anayetangaza harusi. Nami nina watoto wanne, kwa hiyo hata sharti la aya yenyewe, la marehemu kukosa mwana, halikunihusu. Hilo nililigundua baadaye, nikiwa peke yangu jikoni, unga umeumuka mpaka umepita.

Kwa hiyo Mkwezi, unapomlilia mzee aliyekatizwa, nakuelewa, lakini nina swali kwa mzee. Alieleza nani alikuwa na haki ya kutangulia kuulizwa. Je, angefika mahali pa kueleza kama mjane alikuwa na haki ya kukataa?

Someni hiyo Torati 25 mpaka mwisho. Ndugu akikataa, mwanamke ndiye anayemwendea mbele ya wazee, anamvua kiatu kwa mkono wake na kumtemea mate usoni. Sasa njooni Ruthu 4. Mwanamume anavua kiatu chake mwenyewe kwa adabu, wanaelewana, na Ruthu hata langoni hayupo! Kati ya vitabu viwili vya Biblia hiyo hiyo, mwanamke ameondolewa kwenye kikao. Mila zilikuwa zikibadilika ndani ya Biblia yenyewe, na hazikubadilika kwa faida yangu.

Lakini pia ni Ruthu aliyeoga, akajipaka mafuta, akaenda usiku kwenye uwanja wa kupuria na kumwambia Boazi alichotaka. Alichagua. Nilimjibu shemeji kwa Ruthu 3, akanyamaza. Kisha nikamjibu kwa Sheria ya Urithi inayotumika Kenya tangu 1981, inayomtambua mjane katika mali ya mumewe. Hiyo ya pili aliisikia vizuri zaidi.

Sisemi mila zisizungumzwe. Nasema mkizileta mezani, leteni na aliyekaliwa na hizo mila.

Jirani wa Shela

Mimi ni Mwislamu, mkiniona nimezidi niambieni. Mji huu majirani wameulizana dini siku nyingi. Mmisionari Francis Xavier alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea India, aliandika kwamba mkubwa mmoja wa Kiislamu alimwuliza kama Wakristo wa kwao huenda kanisani, maana hapa misikiti ilikuwa 17 na inayojaa ni mitatu tu. Sijui kama hali yetu leo ni bora, lakini hilo ni la kikao kingine.

Kwetu darasani, mwanafunzi wa tafsiri ya Kurani haipiti aya bila kuulizwa sababu ya kushuka kwake: kulitokea nini, nani alikuwapo. Haifanyi aya kuwa ndogo. Kwa hiyo hofu ya Mhubiri mimi siishiki vizuri.

Nina jambo dogo la masikioni. Nahudhuria maziko ya majirani. Kwa Waanglikana nasikia "Utupe leo riziki yetu." Kwa Wakatoliki, "mkate wetu wa kila siku." Juzi nikasikia kwa wengine, "chakula chetu tunachohitaji." Sala moja! Mimi "riziki" ndiyo inanigusa, neno letu sote wa pwani, na si ajabu: mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Mwanzo, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi. Na mkate wenyewe, jamani, hapa ni kitu cha chai. Mwenzetu wa bara ya Malindi akisema amekula, amekula sima.

Mwalimu wa Gede

Jirani, umegusa pazuri kuliko unavyodhani. Neno la Kigiriki lililofasiriwa "kila siku" karibu halipatikani popote nje ya sala hiyo, na wasomi bado wanavutana kama ni la leo, la kesho au la kutosha kuishi. Jerome, alipoiweka kwa Kilatini, alilifasiri kwa neno moja katika Mathayo na jingine katika Luka. Mtu mmoja, neno moja, majibu mawili. Kwa hiyo Mhubiri, akina Ruthu wako wanne si wa kuletwa na mila zetu. Tayari kila Biblia uliyo nayo kabatini imekuchagulia jibu moja na kukunyima mengine, bila kukwambia.

Mkwezi wa Kakuyuni

Mama Mahamri, umenikalisha. Nilipoandika nilikuwa nikimfikiria mzee na heshima yake, na kweli sikukumbuka kwamba katika duara lile walikuwapo wajane watatu na hakuna aliyeulizwa. Nimempigia mzee simu jana. Nimemuuliza swali lako kama ulivyoliandika. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Angeweza kukataa. Lakini angekwenda wapi?"

Na hilo la cheti, Mhubiri, nalegeza. Aliyemsomea mama Torati 25 pengine alikuwa nacho.

Mhubiri wa Maweni

Mama, pole kwa yaliyokupata. Anayesoma nusu ya aya simtetei. Ila hukuhitaji mtaalamu wa mambo ya kale kuona sharti lile. Ulisoma tu, peke yako, ukaona. Ndilo ninalolipigania.

Mama Mahamri

Niliona kwa sababu nilikuwa mjane, mhubiri. Wewe umeisoma aya hiyo mara ngapi?

Mvuvi wa Mayungu

Nimechelewa, nilikuwa majini. Haya ya Kigiriki siyawezi. Nauliza tu kuhusu samaki.

Petro anasema wamefanya kazi usiku kucha wasipate kitu, Luka 5, na asubuhi wanaosha nyavu. Kanisani tunaambiwa Petro alikuwa na imani haba aliposita kushusha tena. Mwenye jarife, wavu wa kutega, hakubali hilo. Sisi hutega jioni tukatoa alfajiri, maana mchana samaki anauona uzi. Ukimwambia mvuvi ashushe nyavu jua limepanda, tena zimeshaoshwa, atakuona umetoka mjini. Alikubali kufanya upuuzi wa kazi yake mbele ya wavuvi wenzake. Imani hiyo mnaiita haba?

Mwanangu alinionyesha picha ya mashua ya enzi hizo, iliyoonekana kwenye tope la ziwa la Galilaya wakati wa ukame mwaka 1986. Mita 8 na kidogo. Ni kama tunazoingia nazo sisi.

Na hao 153, mhubiri, Roho ana siri zake, sibishi. Lakini ufukweni samaki wakubwa huhesabiwa kila siku. Kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya waliovuta. Pale walikuwa watu saba. Usipohesabu mbele ya wote, kesho huna mabaharia.