Mrejesho: nywele fupi kwa uso wa duara

Wapendwa, niliuliza mkato gani wa nywele fupi utanipendeza mwenye uso wa duara. Asanteni sana kwa majibu. Nilifuata ushauri wa kuacha urefu juu na kupunguza pembeni: kweli uso unaonekana mrefu kidogo, na shingo imejitokeza vizuri mno. Aliyesisitiza zikatwe zikiwa kavu, Mungu ambariki, maana za kipilipili zikilowa hurefuka, zikikauka hujikunja na kupanda juu. Kilichogoma ni kutoa njia ya pembeni. Hata kwa jeli, kufika mchana imeshapotea. Sasa nasokota za juu kwa vidole zikiwa na unyevunyevu, natia mafuta kidogo, basi. Kisogo tu ndicho kinataka kuchongwa mara kwa mara.