Filta za maji na baridi ya Barafu: usiku zinalindwaje?

Mratibu_Kiborloni

Wadau, habari za kazi. Mwezi wa saba tuna wageni 12, Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7, usiku mmoja wa kulala kambi ya Barafu. Tunabeba filta mbili za mirija, zile za kuning'iniza, mfuko wa maji machafu juu na wa maji safi chini, pamoja na pampu moja ya mkono yenye kauri kama akiba. Safari iliyopita filta zilirudi zinatoa maji polepole mno, na pampu inavuja shingoni. Zimekufa kwa baridi au zimeziba tu? Usiku zikae wapi, na mikononi mwa nani? Halafu koki ya ndoo ya hema la chakula kila asubuhi tunaikuta imeganda, haifunguki.

FundiMaji_Moshi

Mkuu, maji kutoka polepole peke yake si dalili ya kuganda. Maji ya baridi ni mazito. Yakiwa nyuzi joto 5, filta hata ikiwa mpya inapungua kasi kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na maji ya nyuzi 20. Ongeza hapo mchanga laini wa vijito vya juu. Isafishe kinyume kwanza: jaza maji safi kwenye bomba la sindano, sukuma kwa nguvu kutokea upande wa maji safi, rudia mara 5 au 6 mpaka yanayotoka yasiwe na rangi. Kasi ikirudi, ilikuwa imeziba.

Iliyoganda hufanya kinyume, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Maji yakigeuka barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kuta za mirija midogo iliyo ndani ya filta ni nyembamba, na matundu yake ni ya mikroni 0.1. Ukuta ukipasuka, maji yanapata njia ya mkato: yanatoka kwa kasi nzuri, maangavu kabisa, na bakteria wamo.

Kipimo cha kambini ni hiki. Lowanisha filta vizuri, kisha puliza kwa mdomo kutokea upande wa maji machafu. Mirija mizima iliyolowa haipitishi hewa kwa nguvu ya mapafu, kwa hiyo mapovu yakitokea upande wa pili, hiyo filta ni ya kutupa. Yasipotokea usishangilie sana, maana ufa mdogo hujificha. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: filta iliyokwisha kulowa, ikaganda, haichujii mtu maji tena, hata ikifaulu kipimo. Mpya ambayo haijawahi kuingia maji haina shida na baridi.

JikoniKaranga

Kuhusu usiku: ikifika saa kumi na moja jioni kazi ya kuchuja iwe imekwisha. Safisha kinyume, ikung'ute kwa nguvu mpaka matone yaishe (haitakauka ndani, ila unapunguza), itie kwenye chupa kavu ya mdomo mpana, funga, halafu chupa iingie ndani ya slipingi (mfuko wa kulalia), usawa wa tumbo. Isikae miguuni. Kuiviringishia sweta na kuiacha kwenye kona ya hema hakusaidii kitu, kwa sababu sweta halina joto lake lenyewe, linachelewesha tu.

Wengi wanaharibu filta usiku wa kileleni. Kundi linaondoka Barafu kwenye saa sita usiku, waongoza wageni wote wanapanda, na filta inabaki kwenye hema tupu katika saa zenye baridi kuliko zote. Mkabidhi mpishi kabla ya chakula cha jioni, alale nayo. Awe mtu mmoja, kwa jina. Ukisema "jikoni wataitunza", asubuhi utaikuta juu ya sanduku la vyombo.

Na asije mtu akaiyeyusha kwa maji ya birika. Nyingi zinavumilia mwisho nyuzi 60.

Koki: usiku ndoo imwagwe yote, koki iachwe wazi, ndoo ilazwe kifudifudi. Dumu la maji ya asubuhi lisijazwe mpaka shingoni, acha robo, na chupa za wageni zilazwe mdomo chini. Barafu huanza juu, hivyo kizibo hakitagandishwa.

FundiMaji_Moshi

Niongeze pampu. Ukimaliza, toa mpira wa kuvutia majini na uendelee kupiga hewa mara 15 hivi, kisha ning'iniza mipira ncha chini. Kauri hunyonya maji kwenye vinyweleo, yakiganda inapata ufa mwembamba kama unywele. Ikikauka, igonge taratibu kwa mpini wa kijiko: nzima inalia, yenye ufa inatoa sauti butu. Kuvuja shingoni mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja) iliyokakamaa kwa baridi. Paka grisi ya silikoni. Mafuta ya kupikia na ya kujipaka huharibu aina nyingi za mpira.

Mratibu_Kiborloni

Shukrani sana. Je, Barafu si bora tuache filta kabisa tuchemshe? Na vidonge vya klorini?

JikoniKaranga

Barafu hakuna chanzo cha maji, wagumu (wapagazi) wanayabeba kutoka bonde la Karanga. Basi chujeni Karanga mchana jua likiwaka, yapande yakiwa safi kwenye madumu safi. Lita 4 kwa mgeni ni lita 48, na timu bado. Juu mnachemsha tu ya chai na ya chupa za kileleni. Kwa mwinuko ule maji yanachemka karibu nyuzi 85, na yanatosha kuua vijidudu, ila yaache yatokote dakika 3. Shira nako Julai kunaganda, kwa hiyo utaratibu wa slipingi uanze huko.

Klorini kwenye baridi inafanya kazi pole pole. Kama kidonge kinahitaji nusu saa kwa maji ya nyuzi 20, ongeza muda maradufu kila yanaposhuka nyuzi 10. Yaliyo karibu na kuganda yasubiri saa mbili. Kuna vimelea, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini haiviwezi.

FundiMaji_Moshi

Nje ya mada kidogo: filta hizi haziondoi floraidi kwenye maji. Wa upande wa Meru na Maji ya Chai msizitegemee kwa hilo.

Na iliyoganda usiirudishe stoo ikiwa nzima, kuna mtu ataichukua. Kata shingo yake kwa msumeno kabla ya kuitupa.