Naomba ushauri: matukio machache, vituo vichache, modeli inagoma

Habari wakuu. Nina data ya maambukizi ya kidonda baada ya upasuaji: wagonjwa 640 kutoka vituo 18, walioambukizwa 21 tu. Vituo 9 havina hata mmoja. Waliopewa dawa ya kinga kabla ya kisu hakuna aliyeambukizwa, kwa hiyo regresheni ya lojistiki (modeli ya matokeo ya ndiyo au hapana) inaipa dawa hiyo kigawo cha -17 na kosa sanifu (kipimo cha shaka ya makadirio) linalofika maelfu, yaani namba zisizo na maana. Kichekesho, programu haikulalamika hata kidogo.

Nimejaribu njia ya Firth ya 1993, inayorekebisha makadirio matukio yanapokuwa machache. Namba zikatulia, ila inawachukulia wagonjwa kama hawahusiani, ilhali wagonjwa wa kituo kimoja wanafanana. GEE (generalized estimating equations) inajali makundi, yaani vituo, lakini kwa vituo 18 makosa sanifu hutoka madogo kuliko ukweli, na ile seli ya sifuri (waliopewa dawa wakaambukizwa) bado iko palepale. Modeli ya athari nasibu, inayokipa kila kituo kiwango chake, ndiyo kabisa, hesabu yake haifiki mwisho.

Nafikiria njia ya Bayes yenye priori dhaifu (dhana ya awali kuhusu kigawo, isiyobana sana). Aliyewahi kuitumia kwa data finyu hivi, priori uliipa upana gani, na wahakiki uliwaelezaje? Msimamizi wangu anataka nifute tu vituo visivyo na tukio. Mimi naona hapo tutakuwa tumekuza kiwango cha maambukizi wenyewe.