Mabwawa na sola kila upande, Yaka bado inauma. Na kijana anataka kusomea sola, nimlipie?

Mama_Tororo
Salamu wakubwa kwa wadogo. Niko Tororo, Uganda, nina nyumba na vyumba viwili vya kupangisha uani, sote tuko kwenye mita moja ya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. Kwa mwezi tunafika yuniti 120 hivi. Kila siku redioni tunasikia umeme wetu karibu wote ni wa maji na jua, na hata kiwanda cha sola cha megawati 10 kiko hapa hapa kwetu. Sasa nafuu iko wapi? Kuna wakala ananizungusha nichukue sola ya kulipa mdogo mdogo, niachane na Yaka kabisa. Halafu kijana wangu amemaliza Senior Four (kidato cha nne), anataka karo ya kozi ya kufunga sola, eti ndiko kazi zilipo. Nisaidieni kwa yote mawili.

Mzee_wa_Jinja
Mama, maji ya Nile ni ya bure, bwawa si la bure. Bwawa la Karuma, megawati 600, ilizinduliwa Septemba 2024, na sehemu kubwa ya pesa zake ni mkopo kutoka China. Bujagali, megawati 250, ni ya wawekezaji binafsi, na mkataba wao unawalipa kwa kuwa tayari kuzalisha, umeme uchukuliwe au usichukuliwe. Ongeza nguzo, waya, transfoma na wale jamaa wanaojiunganishia usiku. Sisi wa Jinja tunaishi na bwawa tangu 1954 na hakuna anayetupunguzia hata shilingi kwa ujirani. UEDCL, kampuni ya serikali, ilipopokea usambazaji kutoka kampuni binafsi ya Umeme Aprili 2025, bei ya nyumbani ilishushwa hadi kama 756 kwa yuniti. Ilishuka kweli, lakini kwa kiasi ambacho mfuko hauwezi kukishuhudia.

Binti_Busia
Shida ni mita, dada. Kwa bei za 2025, yuniti 15 za kwanza za mwezi ni 250 tu kila moja, nanyi kaya tatu mnagawana hizo 15. Kila mpangaji achukue mita yake.

Hesabu_Kwanza
Binti, ngoja kwanza. Kuna daraja la kupikia: kwa bei hizo hizo, kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi 412. Mama kwa 120 zake analipa 3,750, halafu 49,140 kwa 65 zinazofuata, halafu 16,480 kwa 40 za mwisho. Weka na ada ya mwezi 3,360, jumla 72,730 kabla ya kodi ya asilimia 18. Akitenganisha mita tatu, kila moja yuniti 40, hakuna anayelifikia daraja la kupikia, na ada inalipwa mara tatu: 78,030. Kwa hiyo umewashauri hasara! Mita mbalimbali zinafaa pale ambapo kila chumba kinawasha taa na kuchaji simu tu, hakivuki 15.

Ningekuwa wewe mama, ningezitazama zile 30 zilizobaki hadi 150. Sufuria ya presha ya umeme inaivisha maharage bila kumaliza yuniti moja. Hapo unashindana na gunia la makaa, na makaa tangu biashara yake ipigwe marufuku kaskazini mwaka 2023 mimi sijayaona yakinihurumia.

Fundi_Arua
Sola naifunga na kuiuza, lakini wakala huyo anakudanganya. Taa, simu, redio, televisheni ndogo, sawa. Pasi na friji vinataka paneli nyingi na betri za maana, na betri ndiyo pesa yenyewe, tena huchakaa. Muulize jumla ya malipo yote mpaka deni liishe, si ya wiki. Na muulize mtambo unajizima siku ngapi baada ya kukosa kulipa. Kwetu West Nile tuliishi miaka na umeme wa kuotea, sola ilikuwa lazima. Wewe gridi iko mlangoni, chukua ndogo ya taa za dharura basi.

Kibarua_Mstaafu
Kuhusu kijana. Nimefanya vibarua kwenye ujenzi wa umeme, bwawa na sola. Wakati wa kujenga watu wanajaa, mama ntilie wanauza, vyumba vinapanda kodi. Siku ya uzinduzi ikipita wanabaki walinzi, wakata nyasi, wafuta paneli na mafundi wachache wenye makaratasi. Paneli zenyewe zinashuka bandarini zimeshatengenezwa. Asingoje kiwanda kimwajiri.

Fundi_Arua
Namuunga mkono. Asome umeme wa nyumba kwanza, sola iwe nyongeza. Ajue kupitisha waya kwenye bomba, ajue mzigo wa kila saketi, atengeneze inveta. Afanyie kazi kibali cha ufundi cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, maana bila hicho anabaki kushika ngazi ya mwenzake. Huku wakulima wanaita mafundi wa pampu za sola na hawapatikani, wanaojua kufunga paneli juu ya bati ni wengi mno.

Mama_Tororo
Asanteni sana. Wakala nimemwambia arudi na jumla iliyoandikwa, amekasirika. Kijana kuna chuo kinamtaka miaka miwili ya umeme, yeye analilia ile kozi ya wiki chache ya sola. Je, mwenye cheti cha wiki chache ERA wanampokea?

Fundi_Arua
Kabla ya kutoa hata shilingi, panda boda umpeleke mwenyewe kwa fundi mwenye kibali hapo Tororo, aoneshwe alichosomea yule. Na likizo ashike vifaa kwake. Mwaka wa kwanza asidai mshahara.