Lukuledi na Ruvuma: mpaka wa mabonde upo wapi?

Swali: Wadau, nachora ramani ya mabonde ya mito kuzunguka Lindi na Mtwara mjini. Je, maji yote ya uwanda wa Makonde yanaingia Ruvuma?

Jibu 1: Hapana. Ruvuma, inayoanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, inapokea maji ya upande wa kusini wa uwanda. Upande wa kaskazini unashukia Lukuledi, ambao unaingia kwenye ghuba ya Lindi. Mbwemkuru ni bonde jingine kabisa, kaskazini zaidi. Tumia ramani ya 1:50,000: weka alama mdomoni mwa mto, kisha panda kwa kufuata mgongo wa ardhi (sehemu ya juu inayogawa maji), ukikata kila mstari wa mwinuko (unaounganisha sehemu zenye kimo sawa) kwa pembe mraba, hadi urudi ulipoanzia.

Jibu 2: Nyongeza muhimu: juu ya uwanda usitegemee mistari peke yake. Pale ni tambarare, na data ya setilaiti mara nyingi husoma vilele vya mikorosho badala ya ardhi, hivyo mpaka unahama. Isitoshe, udongo wa kichanga unameza mvua. Maji huibukia kwenye chemchemi chini ya miteremko, na chini ya ardhi si lazima yafuate mgongo ulioonekana juu.

Jibu 3: Ukipima mtiririko wa Lukuledi, usipimie karibu na Lindi mjini. Wakati wa bamvua (maji makuu) bahari inausukuma mto nyuma na kipimo kinadanganya. Panda hadi maji yasipopanda na kushuka na bahari, na yasiwe na chumvi.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Naanza upya na Lukuledi.