Kidaraja cha mtaani kinabanduka zege, nondo ziko nje. Tupige plasta tu?

Mkazi_Igoma:
Wakuu heshima kwenu. Niko Mwanza, mtaani kuna kidaraja cha zege juu ya kijito kinachoshuka ziwani, sasa kwa chini zege linabanduka vipande na nondo kadhaa ziko nje zina kutu mbaya, na malori ya mchanga yanapita hapo na watoto wa shule hapo hapo. Tumechanga hela, fundi anasema apige plasta yaishe. Ila ziwa letu maji baridi, chumvi hakuna, hiyo kutu inatoka wapi?

FundiNondo:
Plasta juu ya kutu msithubutu mkuu! Kutu inavimba, inachukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma chenyewe, ndo hiyo inayosukuma zege lidondoke, ukiifunika itaendelea humo humo ndani. Chukua nyundo gonga eneo lote, panapolia kama debe tupu pameshaachana, tindua pote, tena usiishie usoni mwa nondo, chimba mpaka nyuma yake kidole kipite. Piga brashi ya waya mpaka chuma king'ae ndo urudishie mota ya ukarabati, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuzibia zege. Nondo iliyoliwa ikawa nyembamba inaongezewa nyingine pembeni.

Zege_na_Kokoto:
Nijibu la chumvi. Baharini ni chumvi kweli, huku kwetu ni kaboni. Zege zima lina alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) 12 na ushee, hiyo inaijengea nondo ngozi nyembamba ya kuizuia kutu. Sasa kabonidayoksaidi ya hewani inapenya kidogo kidogo miaka na miaka, ikifika kwenye nondo pH imeshashuka chini ya 9 na ngozi inakufa, unyevu na oksijeni vinamalizia. Kupima rahisi, vunja kipande kipya nyunyizia fenoftalini, dawa ya maabara inayogeuka rangi ikikuta alkali, pakiwa pinki pazima, pakikosa rangi kaboni imeshapita.

Na ndo maana nalia na kava jamani, yaani zege linaloifunika nondo. Daraja linataka kama sm 4 au 5 za zege juu ya nondo, mafundi wetu hawaweki vibiskuti, vile vipande vya zege vya kuinua nondo, nondo inalalia mbao za fomu, halafu zege limejazwa maji ili liteleze na halimwagiliwi hata wiki. Kaboni inafika mapema sana hapo.

Mkazi_Igoma:
Asanteni sana. Nimeshuka leo nikagonga, upande mmoja unalia karibu wote, na juu yake tundu la kutolea maji limejaa udongo, mvua ikinyesha maji yanasimama barabarani yanachuruzika kwenye ufa mpaka kwenye nondo.

Zege_na_Kokoto:
Basi hilo tundu zibueni kesho asubuhi, halihitaji hela. Ila msianze kutindua wenyewe, daraja la barabara ya mtaa mwiteni mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, apime nondo zimebaki unene gani na aseme kama malori yasimame, maana kutindua huku lori linapita juu ni hatari kwa fundi wenu.